Tui linakatika kwenye mchuzi wa samaki, na wali wa nazi unaungua chini huku juu mbichi. Nakosea wapi?

Chungu_Kipya

Habarini wakuu. Naomba msaada kwa mnaopika vya nazi mara kwa mara.

Mchuzi: nazi moja nasaga kwenye blenda na vikombe viwili vya maji, nachuja mara moja, tui lote linakuwa moja. Nakaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya tatu, namimina tui, nakamulia ndimu, natia samaki, nafunika, moto mkali. Muda si mrefu mafuta yanaelea juu na chini kunabaki maji yenye chembechembe nyeupe.

Wali: mchele vikombe viwili, tui vikombe vitatu la nazi mbili, zito kabisa, natia vyote pamoja. Chini unaungua, juu punje zina kiini. Natumia jiko la gesi na sufuria nyembamba ya alumini.

Bi_Kifumbu

Mwanangu, shida zote mbili mzizi wake mmoja: tui zito linafanyishwa kazi ya tui jepesi.

Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini kidogo ya nazi yenyewe. Protini hiyo ikipata moto mkali inaachia mafuta, na ukiongeza ukali wa ndimu au nyanya inaachia mapema zaidi. Wewe umeipa vyote kwa mpigo, kisha ukafunika. Halina namna ila kukatika.

Tuanze na nazi. Itikise kabla ya kununua: ilie maji, iwe nzito mkononi, na yale macho matatu yawe makavu bila ukungu. Isiyolia maji iache, mara nyingi tui lake linanuka mafuta yaliyokaa. Ukikuna kwa mbuzi, acha ukifika kwenye ngozi ya kahawia, maana ukiikuna tui linakuwa la kijivu. Kwa blenda, imenye kwanza ngozi hiyo kwa kisu.

Kukamua: nazi moja kubwa, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja tu (ml 250), ya kiasi ambacho kidole kinavumilia. Ya baridi hayatoi mafuta yote. Kanda kwa mkono dakika mbili tatu, chuja kwa kifumbu au kitambaa safi, kamua mpaka chicha ikauke. Hilo ndilo tui la kwanza, kasimile. Liweke pembeni, usiliguse mpaka mwisho. Rudishia chicha maji vikombe viwili, kanda tena, chuja. Hilo la pili ndilo la kupikia.

Sasa mchuzi, kwa samaki kilo moja, tuseme kolekole au changu. Mpake chumvi, thomu (kitunguu saumu) na ndimu, mkaange juujuu tu ashike rangi. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa, tia thomu na tangawizi, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, kisha nyanya mbili badala ya tatu. Zipike mpaka zirojeke kabisa. Mimina tui la pili na uliache lichemke. Lina mafuta machache, kuchemka hakuliumizi. Ukipenda mchuzi mchachu, embe mbichi linaingia hapa, pamoja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka. Tia samaki, dakika tano mpaka nane.

Hapo sasa punguza moto uwe mdogo kabisa na mimina kasimile. Kuanzia dakika hii mfuniko haurudi. Ukikoroga kwa mwiko samaki atavunjika, kwa hiyo chukua upawa, teka mchuzi pembeni na umimine katikati, teka tena umimine, bila kuacha. Watu husisitiza kukoroga upande mmoja; upande si hoja, hoja ni kutosimama. Dakika tatu mpaka tano, vipovu vidogo vikionekana pembeni, zima. Ndimu ikamuliwe baada ya kuzima, nusu tunda linatosha, na uonje kabla ya kuongeza.

Likishakatika bado linaokoleka. Toa samaki, uache mchuzi upoe kidogo, upige kwenye blenda nusu dakika, urudishe kwenye moto mdogo. Kama huna blenda, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo kwenye vijiko viwili vya maji baridi, mimina huku unakoroga. Wanga unashika mafuta yasitengane tena. Mchuzi utakuwa mzito kidogo, ladha iko palepale.

Kwenye kisamvu usihangaike na haya. Mafuta yakichuja juu ndiyo dalili kwamba kimeiva na nazi imekolea.

Ukoko_Mtamu

Bi Kifumbu kamaliza mchuzi, mimi nizungumzie wali.

Punje inaivishwa na maji, si mafuta. Tui la nazi mbili kwenye vikombe vitatu lina mafuta mengi mno: linaipaka punje kabla haijanywa maji, huku uzito wake unatua chini ya sufuria nyembamba na kuungua. Kwa vikombe viwili vya mchele nazi moja inatosha.

Osha mchele mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uloweke dakika 20 mpaka 30, umwage maji yote. Chemsha vikombe viwili vya tui la pili na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kiwe cha kukata, si cha mlima. Hiliki mbili ukipenda. Tia mchele, koroga mara moja tu, moto wa kati, bila kufunika. Maji yakishuka mpaka usawa wa mchele na vishimo vikaanza kuonekana, mimina robo tatu ya kikombe cha tui la kwanza, geuza mara moja kutoka chini kwenda juu, funika, moto mdogo kabisa dakika 15. Zima, na usifunue kwa dakika 10 nyingine. Wengi wanaipunja hatua hii ya mwisho, na ndiyo inayomaliza kile kiini.

Hicho kipimo ni cha mchele wa punje ndefu uliokaa. Mchele mpya wa Kyela au wa Mwea, uliotoka shambani msimu huu, bado una unyevu wake: punguza tui la pili kwa robo kikombe, la sivyo utapata bokoboko.

Kuhusu sufuria, weka chuma cha chapati juu ya jiko kisha sufuria juu yake wakati wa kupunguza moto. Joto linasambaa, halipigi sehemu moja. Mfuniko ukiwa umelegea, tandaza karatasi ya foili chini yake na uweke kitu kizito juu. Wenye jiko la mkaa mna nafuu: pakueni makaa mengi, yawekeni juu ya mfuniko, wali unaiva pande zote mbili.

Juu ukibaki na kiini, nyunyizia maji ya moto vijiko vinne vya chakula. Maji, si tui. Funika tena dakika tano bila kukoroga. Ukisikia harufu ya kuungua usikwangue hata kidogo. Hamishia wali wa juu kwenye sufuria nyingine, ukoko ubaki na moshi wake.

Jambo jingine wapishi wageni hawaambiwi: wali wa nazi unachacha upesi kwenye joto. Usilale sufuriani. Utandaze kwenye sinia upoe na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kuna bakteria wa wali wanaoacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto mara tatu.

Chungu_Kipya

Shukrani sana, nimeelewa kumbe ni mpangilio. Maswali mawili ya haraka: tui la kopo linafuata utaratibu huohuo? Na maharage ya nazi, mbona yangu hayaivi hata baada ya saa mbili?

Minazi_ya_Muscat

Nijibu la kopo, maana huku Ghuba ndilo la kila siku. Salalah, hapa Oman, kuna minazi, ila nazi zinazouzwa barabarani nyingi ni madafu, na dafu halitoi tui.

Geuza kopo usome kiasi cha mafuta. Asilimia 17 na kuendelea ni sawa na tui zito. Lililoandikwa kuwa limepunguzwa mafuta ni tui jepesi unalolipia bei ya zito. Nunua zito, maji utaongeza mwenyewe. Epuka kopo lenye sukari, hilo ni la vinywaji.

Ukitaka kutenga kasimile, liweke kopo kwenye friji usiku kucha bila kulitikisa. Zito linaganda juu, la chini ni tui jepesi, unaendelea na maelezo ya Bi Kifumbu kama yalivyo. Kwa wali, kopo la ml 400 na maji kikombe kimoja na nusu yanatosha vikombe viwili vya mchele wa basmati uliolowekwa. Kopo lenyewe lisiingie zima mwanzoni: anza na maji na nusu kopo, nusu iliyobaki mwishoni.

Soma pia viambato. Makopo yenye gamu (kiambato kinachoshikanisha mafuta na maji) hayakatiki kirahisi, hata ukisahau moto kidogo. Yenye nazi na maji tu yanakatika sawasawa na la kukuna. Unga wa tui ukorogwe kwanza na maji ya uvuguvugu pembeni. Ukiumwaga mkavu kwenye mchuzi unachemka, unapata madonge yasiyoyeyuka.

Jungu_Kuu

Maharage. Naweka dau umetia nyanya mapema. Ukali wa nyanya unazuia ganda la harage kulainika, na ukishaingia hata saa nzima ya ziada haisaidii sana. Nyanya, ukwaju na ndimu visubiri mpaka harage libonyezwe kwa vidole viwili na lisagike. Sababu ya pili ni maharage yenyewe kuwa ya kale. Ya zaidi ya mwaka yanagoma hata ukiyapika vizuri.

Nusu kilo: loweka saa nane, mwaga maji hayo, weka mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, hasa mekundu, kwa sababu yana sumu inayoumiza tumbo na moto mdogo hauiondoi. Baada ya hapo punguza. Magadi yanalainisha kweli, lakini yasizidi robo kijiko cha chai. Yakizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inaharibika. Mimi ningeyaacha kabisa kama maharage ni mapya.

Yakilainika, kausha maji yabaki kidogo, tia tui la pili na kitunguu, nyanya moja, hoho na chumvi. Ponda upawa mmoja wa maharage kwenye ukingo wa sufuria. Wanga wake unashika mafuta, ndiyo maana tui kwenye maharage ni nadra kukatika. Tui la kwanza kikombe kimoja mwishoni, dakika tano, zima yakiwa bado na mchuzi, kwa sababu yakipoa yanakaza.

Bi_Kifumbu

Jungu Kuu, umesema kweli kuhusu magadi.

Niongeze la kuhifadhi. Tui bichi kwenye friji ni siku moja, mbili ukiwahi kulifunika. Likizidi, ligandishe kwenye trei za barafu, kila tui na trei yake. Likiyeyuka litaonekana limetengana. Lipashe uvuguvugu na ulipige kwa uma, linarudi. Na nazi ikiwa rahisi sokoni, zikune zote siku hiyohiyo, gawa kwenye mifuko, nazi moja kila mfuko, ugandishe. Ukitaka kupika unamwagia maji ya moto kikombe kimoja moja kwa moja juu ya iliyoganda, joto linakutana na baridi na unapata uvuguvugu ule unaotakiwa.