Hivi meza kuu kwenye mikutano ya mtaa inatusaidia nini?

mkazi_wa_bondeni
Wakuu habari zenu. Mtaani kwetu kila mkutano ni vilevile, meza kuu imetandikwa kitambaa, mwenyekiti na mtendaji wako kivulini chini ya turubai, sisi wengine viti vya plastiki mistari mistari juani tunatazamana visogo. Maiki iko mbele, ukitaka kuongea utoke nyuma upite katikati ya watu wote mpaka mezani, sasa mama wa watu mwenye hoja yake ya mtaro unaofurika atathubutu saa ngapi? Wanaoongea ni walewale. Nataka nipendekeze tukae duara. Kuna mahali mpangilio wa kukaa umeshawahi kubadilisha mazungumzo kweli?

msema_nairobi
Hiyo kitu sisi Kenya tuliiona 2008. Baada ya ghasia za uchaguzi, timu za Kibaki na Raila zilikuwa zinakutana hoteli ya Serena hapa Nairobi kutafuta suluhu, waandishi wamejaa nje, mtu akitoka tu anakutana na kamera na lazima aongee kwa ukali ndo watu wake wamwone shujaa. Mpatanishi Kofi Annan akawatoa jijini akawapeleka Kilaguni, loji iko ndani ya Tsavo. Halafu mwishoni mambo yalipokwama akasimamisha kikao cha timu, akakaa na wakubwa wenyewe wawili, na Kikwete na Mkapa wakiwepo, tarehe 28 Februari wakasaini makubaliano. Mimi naamini wangeendelea na kile kikao cha timu tungezika watu wengi zaidi.

mzee_wa_hoja
Msizipe fanicha sifa zisizo zake. Paris, kwenye mazungumzo ya kumaliza vita ya Vietnam, wajumbe walibishania umbo la meza wiki na wiki mpaka Januari 1969 ndo wakakubaliana meza ya duara na vimeza viwili pembeni vya makarani. Duara wakapata, mkataba wakausaini 1973! Mwenyekiti asiyetaka kusikia hata mkikaa naye mkeka mmoja hasikii.

binti_unguja
Mzee shikamoo, lakini walibishania meza kwa sababu ndiyo ilikuwa inaonyesha nani anatambuliwa na nani hatambuliwi, na mleta mada analalamikia hilohilo. Mimi wasiwasi wangu ni hilo duara. Huku tuna baraza, kikao cha mawe kimejengwa na ukuta wa nyumba, hakuna kiti cha mkubwa, mpita njia anakaa anachangia. Nenda Jaws Corner pale Mji Mkongwe jioni, kahawa na siasa mpaka usiku, ila tizama waliokaa, wanaume watupu. Meza kuu haipo na bado sisi tunapita tu. Waulize kina mama wenyewe wangependa kukaa wapi na saa ngapi, maana mkutano wa saa kumi na moja wenzenu tuko jikoni, na maiki iwafuate walipo.

mkazi_wa_bondeni
Ahsanteni sana. Maiki isiyo na waya nitaazima, kina mama naanza kuwapitia nyumba kwa nyumba wiki hii. Aliyewahi kumshawishi mtendaji akubali kushuka meza kuu aje PM.