Pikipiki moja ya lami na vumbi: GS Adventure, Africa Twin, V-Strom 1050DE au Ténéré 700?

Njia_ya_Natron:

Habari wakuu. Naomba ushauri wa wanaozijua hizi pikipiki kubwa za safari, si wa waliozisoma kwenye matangazo.

Nataka moja tu ya kufanya kazi zote mbili. Lami ni Arusha–Dodoma–Iringa–Mbeya, na mizigo, mara nyingine na abiria. Vumbi ni Mto wa Mbu–Engaruka–Ngaresero, na mwakani nataka kupita upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Urefu wangu ni sm 168, uzito kilo 72. Zilizobaki kwenye mchujo ni BMW R 1250 GS Adventure, Honda Africa Twin 1100 Adventure Sports (ya kabla ya 2024), Suzuki V-Strom 1050DE na Yamaha Ténéré 700. Zote zilizotumika.

Kwa karatasi GS inazifunika zote: farasi 136, tanki la lita 30, shafti badala ya cheni. Kinachonitia wasiwasi ni mchanga wa kule Natron na urefu wangu. Kati ya hizi, ipi haitanitesa?

Spana_Kumi:

Mkuu, farasi ziweke kando kwanza. Kwa njia ulizotaja kinachoamua ni uzito, ukubwa wa gurudumu la mbele, na shokapu zinashuka kiasi gani kabla ya kugonga mwisho.

Uzito zikiwa na mafuta: GS Adventure kilo 268, V-Strom 1050DE 252, Africa Twin Adventure Sports ya gia za kawaida 238, Ténéré 204 hivi. Ongeza masanduku mawili ya alumini na vyuma vyake, kilo 15 hadi 20 zimekwenda na bado hujaweka hata soksi. Ikilala kwenye mchanga laini na uko peke yako, hapo ndipo utajua kilo 60 za tofauti zina maana gani.

Gurudumu la mbele la GS ni inchi 19 na tairi pana la 120/70. Kwenye lami linatulia vizuri na linashika kona. Kwenye mchanga linasukuma mchanga mbele badala ya kuukata, hendeli inaanza kucheza, na dereva asiyezoea anafunga gesi, kosa ambalo mchanga hausamehe. Nyingine tatu zina inchi 21 yenye tairi jembamba la 90/90, ambalo linakata mchanga na kupanda mawe kwa urahisi zaidi.

V-Strom 1050DE jina lake ni la vumbi, shokapu zake ni za lami. Zinashuka mm 170 mbele na 168 nyuma, na tumbo liko mm 190 tu kutoka chini. Kwa Dodoma–Iringa ni pikipiki tamu, ila kwa mawe ya Engaruka utakuwa unasikia bamba la chini linagonga. Ukipenda Suzuki, tazama 800DE: kilo 230, shokapu mm 220, tanki lilelile la lita 20.

Kwa sm 168, kiti cha GS Adventure cha mm 890 au 910 ni kazi. Africa Twin ni 850 au 870, Ténéré 875. Kwa Ténéré kuna kiti cha chini na kiungo cha kushusha shokapu ya nyuma, lakini ukiishusha nyuma bila kusogeza fok (shokapu za mbele) kwenye klempu zinazozishika, usukani unakuwa mzito na tumbo linakaribia mawe.

Mimi ningesema Africa Twin. Kama abiria si wa kila safari, Ténéré.

Boksa_Chuga:

Spana, kwenye mchanga umesema kweli, ila GS umeionea kidogo.

Kilo 268 za boksa, yaani injini ya GS, hazifanani na kilo 268 za injini iliyosimama wima. Silinda zimelala chini pembeni, uzito uko chini, ndiyo maana watu wanaigeuza mahali pembamba bila jasho. Ikianguka hailali kabisa, inakaa juu ya silinda, kwa hiyo unaanza kuinyanyua ikiwa tayari imeinuka. Masharti ni mawili: iwe na vyuma vya kukinga silinda na kofia za valvu, na vyuma hivyo vifungwe kwenye injini au fremu kwa sehemu zaidi ya mbili. Vile vya bei rahisi vya boliti mbili vikigonga jiwe vinajikunja na kuigonga kofia yenyewe, na kofia ikipasuka oili yote inabaki barabarani.

Kwa abiria na mizigo hakuna mshindani hapo. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa ni kilo 485, maana yake unabeba 217 ukijihesabu mwenyewe. Mfumo wa Telelever mbele hauachi pua izame ukikamata breki, na abiria atakushukuru mteremko wa Kitonga. Ubaya wake ni kwamba kwenye tope mikono haipati habari nyingi za tairi la mbele.

Shafti haina kupaka mafuta ya cheni kila jioni kwenye vumbi, lakini isikudanganye kwamba haihitaji kutazamwa. Kuna mpira wa mkunjo kati ya giaboksi na mkono wa nyuma. Ukipasuka au klipu ikilegea, maji yanaingia, na krosi (kiungo kinachokunja shafti) inashika kutu kimyakimya hadi siku inapokatika. Sukuma mpira kwa kidole, angalia nyufa, na kila unapovuka maji yanayofika kwenye ekseli ukague tena ukifika.

Valvu zinapimwa kila km 20,000, Ténéré ni 40,000. Ila kwenye boksa unafungua kofia mbili pembeni na kazi unaifanya bila kugusa tanki.

Tahadhari kwa atakayesoma uzi huu na kuvutiwa na R 1200 GS za bei nafuu: za hadi 2012 zina klachi kavu. Ukiisugua kwenye mchanga inaungua, na kuibadilisha ni kuigawa pikipiki katikati. Toleo la maji lililoanza 2013 lina klachi inayoogelea kwenye oili.

Kaskazini_Murram:

Salamu kutoka upande huu wa Namanga. Niongeze kuhusu Turkana, kwa sababu njia ndiyo itakuchagulia pikipiki.

Isiolo–Laisamis–Marsabit ni lami safi, pikipiki yoyote hapo ni sawa. Kutoka Laisamis kuelekea Loiyangalani kuna ile barabara iliyoboreshwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, kilomita 208 za murram. Hata GS nzito inapita, adui ni kokoto zilizolegea na yale matuta madogo mfululizo, rasta zisizoisha, yanayolegeza kila nati. Ukishuka kwa njia ya Maralal–Baragoi–South Horr ni mawe na makorongo, hapo Ténéré inacheka na GS inahema. North Horr na jangwa la Chalbi pita wakati wa kiangazi tu. Mvua ikinyesha, ule uwanda unageuka tope ambalo linajaza nafasi kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Pikipiki zote nne zina madigadi ya chini, kwa hiyo beba ufunguo wa kuyafungua, na usililazimishe gurudumu kwa nguvu za injini kwa sababu klachi ndiyo italipa.

Mafuta: nje ya miji mikubwa huwa yanauzwa kwenye mitungi, na huwezi kujua yamekaa kwa muda gani. Hapa Honda ina faida ambayo haitajwi sana. Injini yake inakandamiza 10.1 kwa 1 tu, Ténéré 11.5, GS 12.5. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo petroli mbovu inavyoleta kugonga kwa injini unapoibebesha mzigo kwenye gia kubwa. GS ina sensa za kuhisi kugonga na inajirekebisha kwa kupunguza nguvu, haifi, ila haitakuwa ile ya farasi 136. Atakayekushauri KTM 1290, mwambie hiyo ni zaidi ya 13 kwa 1. Chochote utakachonunua, chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na acha kidogo cha mwisho kwenye mtungi, maji hukaa chini.

Kwa umbali, kwenye vumbi hesabu lita 5.5 hadi 6 kwa kilomita 100, mchanga ukizidi hata 7. Lita 24.8 za Adventure Sports zinakupa kilomita 400 bila presha. Lita 16 za Ténéré, weka 250 kichwani na ubebe mtungi wa lita 5.

Njia_ya_Natron:

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Naelekea kwenye Africa Twin. Maswali mawili tu: DCT (ile inayojibadilisha gia yenyewe, bila klachi ya mkono) au gia za kawaida? Na presha ya tairi mnawekaje mnapotoka lami kuingia vumbi? Hapa kila fundi ana namba yake.

Spana_Kumi:

DCT inaongeza kilo 10 na filta ya pili ya oili, kwa hiyo sevisi ni ghali kidogo. Faida yake ni kwamba haizimiki kwenye mchanga au ukipanda mawe taratibu, na mkono wa kushoto unapumzika. Hasara: huna klachi ya kuachia ghafla ili kunyanyua gurudumu la mbele ukikutana na gogo au ngazi ya mawe. Na betri ikifa, hutaiwasha kwa kusukuma, maana ukizima tu inabaki huru. Mtu wa kusafiri peke yake kaskazini, mimi ningempa gia za kawaida. Ukichukua DCT, kifaa kidogo cha kustua betri kiwe sehemu ya mzigo, si hiari.

Presha: kwenye lami fuata kibandiko kilichopo kwenye mkono wa nyuma, na ukiwa na abiria nyuma ipande kama kinavyosema. Kwenye murram ngumu toa PSI 5 hadi 6 kila tairi. Mchanga mrefu, 20 mbele na 22 nyuma, mwendo usiozidi 60. Mawe usishuke chini ya 28 hata kama inakurusha, rimu ikigonga jiwe tairi likiwa laini inapinda, na rimu ya Adventure Sports haina tyubu, kwa hiyo ikipinda ukingoni haishiki upepo. Ukirudi lami jaza kwanza kabla ya kukimbia. Tairi laini kwenye lami ya mchana linachemka na kumeguka vipande. Pampu ndogo ya betri inatosha, ila ipime nyumbani na geji nyingine, nyingi zinadanganya kwa PSI 3.

Beba vijiti vya kuziba pancha na tyubu moja ya inchi 21. Ya 21 unaweza kuikunja ndani ya tairi la nyuma la 18 ikufikishe mjini. Na huko vijijini tyubu za 21 na 4.10-18 zinapatikana kwa sababu ya pikipiki za Yamaha DT 125 za miradi. Tyubu ya boda ya 3.00-18 usijaribu, inavutika mno ndani ya 150/70 na itapasuka ikipata joto. Ndiyo sababu nyingine ya kuiogopa 170/60-17 ya GS: ikichanika Baragoi, utasubiri lori.

Matairi yenyewe, kwa mgawanyo wa nusu lami nusu vumbi: TKC 80 inashika vizuri sana lakini nyuma itaisha kabla ya km 6,000 kwenye lami ya moto. Heidenau K60 Scout inadumu mara mbili ya hapo, ila kwenye lami yenye maji iheshimu.

Boksa_Chuga:

Kabla ya presha arekebishe springi, watu wengi wanalaumu pikipiki kumbe shokapu ya nyuma imekaa chini. Inyanyue hadi tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu wima hadi alama ya tepu kwenye fremu. Ishushe, panda na nguo zako zote za safari na mizigo ikiwa imefungwa, mtu mmoja ashike hendeli, mwingine apime tena palepale. Tofauti iwe karibu thuluthi ya umbali wote ambao shokapu inaweza kushuka. Kwa Adventure Sports yenye mm 220 nyuma, ni 65 hadi 75. Zungusha kitasa cha springi hadi ufike. Ukikifikisha mwisho na bado ni 90, springi ni laini kwa mzigo wako, nunua ngumu zaidi. Kuendelea kuikaza hakusaidii.

Nyuma ikikaa chini, mbele inakuwa nyepesi, usukani unayumba ukifika 110 na masanduku, na taa inamulika minazi.

Kaskazini_Murram:

Kwenye ukaguzi wa ile utakayonunua, haya ya kutazama kwenye Africa Twin 1100. Fremu ya nyuma inayobeba kiti na masanduku ni alumini iliyofungwa kwa boliti. Ya Ténéré ni chuma, fundi wa welding yeyote ataiunga, mradi utoe waya wa betri kwanza usije ukaunguza kompyuta. Alumini huwezi kuiunga Laisamis. Toa masanduku, mulika tochi pale yanaposhika na kwenye boliti, tafuta mstari mwembamba mweusi kwenye rangi. Ukiuona, achana nayo au pata bei ya fremu mpya kabla ya kujadiliana.

Halafu gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Zinazolia vizuri ni sawa, inayotoa sauti ya kufa imelegea. Nyanyua mbele, zungusha hendeli taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ikikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha kuchimbwa na matuta. Shika tairi juu na chini ulitikise, mchezo wowote ni beringi za gurudumu.

La mwisho ndilo zito kuliko yote: mwombe muuzaji mfungue filta ya hewa mbele yako. Usitazame upande mchafu. Pitisha kidole ndani, upande wa kuelekea injini. Kikitoka na vumbi, injini imekula mchanga, hata kama ilipakwa rangi jana.