Tupeane uzoefu: nani mwingine alikuwa na daftari la muvi za ovyo?

KandaYaPili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilikuwa nasafisha stoo ya mzee kule Tandika, nikakuta sanduku la bati. Ndani kulikuwa na vitabu vya shule, pasi ya mkaa, na chini kabisa kauntabuku letu. Nimesema letu kwa sababu tulikuwa watatu. Nilikaa juu ya ndoo nikalisoma mpaka mama akaja kuuliza kama nimezimia.

Kwa wadogo zangu ambao hawakuwahi: kuanzia 1997 mpaka 1999 tulikuwa tunaingia banda la video nyuma ya soko. Bati juu, magunia pembeni, mabenchi ya mbao, deki moja, na TV iliyofungiwa kwenye kiboksi cha chuma kama mfungwa. Jioni mwenye banda aliweka mikanda ya maana, zile muvi ambazo mtaa mzima ulikuwa unazijua. Sisi pesa ya jioni hatukuwa nayo. Tulienda saa nne asubuhi, kiingilio nusu, anapoweka mikanda ambayo hakuna anayeitaka. Maninja wa rangi zote. Bruce Lee wa bandia. Wala watu. Wanawake wa gerezani wenye bunduki. Ubaoni nje anaandika kwa chaki jina alilolitunga mwenyewe, maana hata jalada la mkanda lilishapotea.

Basi hizo ndizo tulizoziandika. Kila muvi ukurasa mmoja: jina la ubaoni, steringi, idadi ya waliokufa, na safu ya mwisho iliyoitwa MAKOSA. Safu ya makosa ndiyo iliyofanya daftari litembee darasa zima mpaka likarudi halina jalada. Nanukuu ukurasa mmoja, mwandiko ni wa rafiki yangu, wakati huo ana miaka kumi na tano:

"NINJA MWEKUNDU. Steringi: wawili, hawajuani. Waliokufa: 31, mmoja kafa mara mbili. MAKOSA: Ninja kajificha usiku lakini kavaa njano. Kitambaa cha kichwani kimeandikwa NINJA, sasa siri iko wapi? Mzungu anaongea kwa simu ya kitoto, umbo la paka. Yeye na Mchina wanapigiana simu tu, picha nzima hawajakutana. Nadhani hawakuwa nchi moja."

Nadhani hawakuwa nchi moja! Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba kulikuwa na bwana mmoja Hong Kong, Godfrey Ho, miaka ya 1980 alikuwa anachukua muvi za watu wengine za huko huko Asia, anapiga vipande vichache na Wazungu waliovaa kininja, Richard Harrison akiwemo, halafu anavibandika humo. Simu ndiyo iliyokuwa gundi. Huyu wa Hong Kong akisema "haloo", yule wa muvi nyingine anajibu "haloo". Mshikaji wangu aliliona hilo akiwa amekaa kwenye benchi lenye msumari, bila intaneti, bila kujua Kiingereza cha kutosha.

Haya, mwageni zenu.

MzeeWaDriveIn

Mnajiona mlianza nyie. Sisi tulikuwa na majumba ya sinema, Empire, Avalon, Odeon, Cameo, na Drive-In kule Msasani, pale palipo ubalozi wa Marekani leo. Bruce Lee amekufa Julai 1973, na kwa jinsi watu walivyompenda, wenye biashara hawakukubali afe. Wakatuletea Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee. Bango nje limechorwa uso wa marehemu, ukiingia ndani unakuta mtu mwingine kabisa.

Mimi daftari sikuwa nalo. Nilikuwa na binamu yangu Tanga tukiandikiana barua. Kurasa nne, moja ya salamu na tatu za picha. Kazi yetu kubwa ilikuwa kuwatenganisha hao akina Bruce. Huyu anapangusa pua kwa kidole gumba kila dakika mbili, huyu miwani haimkai, yule anapiga kelele kabla ya kupiga badala ya wakati wa kupiga. Nakumbuka nilimwandikia: "Binamu, wa leo ndiye yule aliyekufa wiki jana, kwa hiyo wa juzi bado mzima, usiwe na wasiwasi." Mama yake aliifungua barua hiyo akadhani kuna msiba.

Uandishi wenyewe tuliuiga kwenye yale magazeti ya picha ya mpelelezi Lance Spearman, kofia kichwani na sigara mdomoni. Sentensi fupi fupi. Ngumi moja, sentensi moja.

KandaYaPili

Shikamoo mzee wangu. Hizo barua zipo?

MzeeWaDriveIn

Marahaba. Za kwake ninazo. Zangu alikuwa nazo yeye, na amekwisha tangulia.

bodaboda_wa_Yombo

Mi sikuandika kitu ila nilitazama kwa niaba yenu nyote 😂 steringi hafi

MamaNuru

Ngoja na mimi niseme, maana humu naona wanaume tu.

Banda la video msichana haingii. Sikatazwi na sheria, nakatazwa na shangazi, na shangazi alikuwa mkali kuliko sheria. Kaka yangu alikuwa anaandika kama nyie, kwenye daftari la mistari la kurasa 96, upande wa mbele Jiografia, upande wa nyuma muvi. Nililigundua nikitafuta ramani ya Afrika. Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi usiku nasoma chini ya chandarua na tochi, asubuhi narudisha.

Nilisoma muvi labda arobaini na sikuona hata moja. Halafu Jumapili tukikaa barazani kusukana, wenzangu wananiambia "haya, picha la leo". Nasimulia. Mwanzoni nilisimulia kama kaka alivyoandika. Baadaye nikaanza kuongeza. Yule mwanamke wa gerezani nikampa mama mgonjwa kijijini. Yule askari mbaya nikampa jicho moja. Kuna binti alikuwa analia kabisa huku anasukwa, anayemsuka anamwambia tulia nywele zinachomoka.

Ukurasa nilioupenda kuliko zote ni wa muvi ya msituni. Kaka aliandika: "Daraja la kamba linakatika. Watu kumi na mbili wanaingia mtoni mmoja mmoja kama embe zinavyoanguka. Mamba wanasherehekea sikukuu." Hiyo sentensi nimetembea nayo miaka ishirini. Nikipita daraja lolote naikumbuka embe.

Mwaka juzi mwanangu akanionyesha jinsi ya kutafuta muvi za zamani YouTube. Kaka anazikumbuka kidogo, akaniambia ni za kundi la zile zilizopigwa Ufilipino mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za mwigizaji Pam Grier, kampuni ya Roger Corman ya Marekani ikipeleka hela kule kwa kuwa gharama zilikuwa ndogo. Nikatafuta usiku mbili tatu. Nikaipata. Nikaandaa karanga.

Jamani. Daraja lenyewe linafika kama gari mbili. Walioanguka ni watu watatu, na mmoja ni mwanasesere, mguu umegeukia nyuma. Mamba ni mmoja, na nina hakika ni gogo.

Nikazima. Nikamrekodia kaka sauti: wewe ni mwongo wa kimataifa. Akanijibu saa sita usiku: "Mbele yangu alikaa jamaa mrefu. Nilikuwa nasikia kelele tu."

Nimekasirika siku mbili, kisha nikaelewa kwamba ile muvi niliyoipenda aliitunga kaka yangu nyuma ya mgongo wa mtu.

KandaYaPili

MamaNuru umeniua. Jamaa mrefu apewe tuzo.

Neema_Keko

Naomba nisiharibu raha lakini nitasema. Hizo muvi nusu yake ni kudhalilisha wanawake na nusu iliyobaki ni kuwafanya watu wa msituni waonekane wanyama. Mnasema wala watu, wala watu. Ile ya Kiitaliano ya 1980, ya Ruggero Deodato, wengi mnaijua. Ilionekana kweli kiasi kwamba alishtakiwa kuwa ameua waigizaji wake, ikabidi awalete wakiwa hai ndipo kesi ya mauaji ikafa. Watu wanasimulia hiyo kama kichekesho. Wanyama je? Yule kobe mkubwa wa mtoni aliuawa kweli mbele ya kamera, na hakuna aliyeweza kumleta mahakamani akiwa hai.

Sasa swali langu kwa mwenye daftari. Safu yenu ya MAKOSA. Mliwahi hata mara moja kuandika kwamba kosa ni mwanamke kubakwa ili watu wachangamke?

KandaYaPili

Dada Neema, nimechukua muda kujibu kwa sababu nilienda kuangalia. Nimesoma kurasa zote 112. Nilitaka nikute kitu cha kututetea.

Kuna muvi tisa zenye jambo hilo. Nane hatukuandika chochote, tumehesabu risasi tu. Ya tisa, kwenye MAKOSA, kuna mwandiko wa yule rafiki yangu: "Hapa banda zima lilicheka. Mimi sijui walicheka nini." Basi, hakuna zaidi. Kwa hiyo jibu ni hapana, isipokuwa huyo mmoja, na sisi wawili tulikuwa miongoni mwa waliocheka.

Neema_Keko

Asante kwa kusoma zote. Huyo rafiki yako yuko wapi? Tuwekee maandishi yake zaidi.

kopi_kariakoo

Mimi nina upande mwingine. Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa natoa fotokopi kwenye duka moja Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Kongo. Kulikuwa na jamaa anakuja kila mwisho wa mwezi na karatasi nne zilizopigwa kwa taipureta, pembeni kabandika picha alizokata kwenye majalada ya mikanda. Anataka kopi thelathini. Nakunja katikati, napiga pini mbili, kinakuwa kijitabu. Ndani ni uhakiki wa muvi za kutisha za bei rahisi. Muvi anaipa alama kwa idadi ya soda: hii soda tatu, hii soda sifuri na chupa rudisha.

Picha zilikuwa zinatoka nyeusi. Damu nyeusi, uso mweusi, ukuta mweusi. Huwezi kujua nani anamla nani. Nikamwambia kaka, hizi picha hazionekani, toa uokoe wino. Akaniambia wino nalipa mimi, na wanaonunua wanapenda kubahatisha.

Nilikuwa natoa thelathini na moja. Ya thelathini na moja yangu.

Siku moja gundi ilikuwa haijakauka. Karatasi ikaingia, picha ikabaki ndani imeng'ang'ania rola. Mashine ilikaa siku mbili, fundi alipoifungua akakuta uso wa zombi umejichapa kwenye rola. Wiki nzima kila aliyetoa kopi alipata kivuli cha zombi pembeni: vyeti, barua za kuomba kazi, mpaka hati ya kiwanja. Bosi alinikata mshahara. Jamaa aliposikia alikuja akaninunulia chipsi mayai, lakini toleo lililofuata akaandika habari hiyo ukurasa wa kwanza kana kwamba ni uhakiki. Mashine ilipata soda tano.

KandaYaPili

Hapo kwa kopi_kariakoo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Nilipokuja kusoma habari za huko nje nikagundua ni kitu kile kile. New York, mwaka 1980, Bill Landis alianza kijarida cha Sleazoid Express kikiwa karatasi moja tu, akiandika habari za majumba machafu ya sinema ya Mtaa wa 42, na mwenyewe alifanya kazi ya kuendesha mashine za sinema maeneo hayo. Anakueleza muvi, na anakueleza pia nani alikuwa amelala kiti cha nyuma. Uingereza ilipotunga sheria ya video mwaka 1984, kukiwa na orodha ya muvi za kushtakiwa iliyofika 72 kwa jumla, orodha yenyewe ikageuka kuwa menyu. Watu wakaanza kunakiliana mikanda na kuandika vijarida vya fotokopi kuhusu kile walichofanikiwa kukiona, kopi ya kopi ya kopi, picha imejaa theluji.

Sisi hakuna aliyetukataza, zaidi ya shangazi wa MamaNuru. Lakini pia hakuna aliyefikiri muvi hizo zinastahili hata sentensi moja. Kwangu raha ilikuwa hapo. Muvi kubwa imeshasemwa na kila mtu, wewe unaongeza nini? Ile ya saa nne asubuhi, yenye watazamaji watano na kuku mmoja, usipoiandika wewe imekwenda.

sauti_ya_Mbagala

Mmemsahau Lufufu, yule aliyekuwa anatafsiri muvi kwa Kiswahili kwa sauti yake. Yeye alikuwa anafanya kwa mdomo yale mliyofanya kwa kalamu. Steringi anakunywa maji, yeye anakwambia maji yametoka Ruvu. Nilikuwa nachagua mkanda kwa sauti yake, muvi ni ziada.

bodaboda_wa_Yombo

Wakuu nisaidieni. Kuna muvi niliona mdogo naitafuta sana. Steringi ni mkulima, baba yake kauawa, anajifunza kupigana na mzee mlevi kwenye shamba la mpunga. Halafu kuna Mzungu mmoja kavaa nguo nyekundu anatupa moshi anapotea. Inaitwaje?

sauti_ya_Mbagala

Ninja Mwekundu hiyo.

kopi_kariakoo

Hapana, yule wa Ninja Mwekundu alikuwa mvuvi. Ninayo hapa, soda mbili.

KandaYaPili

bodaboda, huyo mkulima na Mzungu waliwahi kukutana?

bodaboda_wa_Yombo

Sasa nikifikiria... hapana. Walipigiana simu.

KandaYaPili

Basi hizo ni muvi mbili. Ya Mzungu unaweza kuipata. Ya mkulima naitafuta tangu 1999, ukiipata niite, nakuja na benchi langu.