Mtoto akiingiza mbaazi puani au akipaliwa: tufanye nini kabla ya kufika zahanati?

MwalimuChekechea – Tandahimba
Habari zenu wadau. Mbaazi na karanga zimeanikwa kila uwanja, na watoto wangu wana miaka 2 hadi 5. Nataka kubandika hatua ukutani. Zahanati ni dakika 40 kwa bodaboda. Kitu kikiwa puani, turuhusiwe kutoa wenyewe? Akipaliwa, apigwe mgongoni? Na lile tonge la ugali la kushushia mwiba wa samaki, lina ukweli?

MuuguziMasasi
Mwalimu, bandika karatasi mbili. Pua kwa kawaida inakupa muda, njia ya hewa haikupi.

Za puani: mwambie mtoto apumue kwa mdomo, asivute kamasi ndani. Mwenye miaka 4 au 5 anaweza kuziba tundu lisilo na kitu kwa kidole na kupenga kwa nguvu. Mdogo zaidi anapulizwa na mama au mlezi aliyemzoea. Mkalishe, ziba tundu lisilo na kitu, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako kama unambusu, kisha puliza pumzi moja fupi ya ghafla. Hewa inazungukia nyuma ya pua na kukisukuma kitu nje. Mara 2 au 3 zinatosha, kikigoma, mpelekeni.

Kibano kisiguswe. Mbaazi au shanga ni ya mviringo na inateleza, kwa hiyo ukiibana inarudi nyuma, na ikidondokea kooni unakuwa umemtengenezea balaa jingine. Pamba ya masikio nayo inasukuma ndani. Maji msitie, maana mbaazi kavu inavimba na kubana zaidi. Na mtoto anayetoka usaha wenye harufu mbaya tundu moja tu la pua, msimwite mwenye mafua. Mara nyingi kuna kitu kilichosahaulika humo.

Tabibu_Lindi
Naongezea koo. Akiwa anakohoa kwa nguvu au analia, hewa inapita: msimpige, msimnyweshe maji, mwacheni akohoe. Kazi inaanza pale kikohozi kinapokosa sauti, hawezi kulia wala kusema, midomo inabadilika rangi.

Wa mwaka mmoja kwenda juu: muinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na chembe ya moyo, ishike kwa mkono wa pili na vuta ndani kuelekea juu mara 5. Rudia 5 kwa 5. Chini ya mwaka mmoja tumbo haliguswi, kwa kuwa ini lake linaumia kirahisi: mlaze kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini kuliko kifua, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, mkandamize katikati ya kifua mara 5.

Kidole kisipekue koo kwa kubahatisha. Toa tu unachokiona. Akizimia, mlazeni chini na mkandamize kifua mara 30, kina cha theluthi moja ya kifua, angalieni mdomoni, mpulizieni pumzi 2, mwendelee hivyo hadi msaada ufike. Aliyevutwa tumbo apimwe hospitali hata kama kitu kimetoka.

Linalonisumbua zaidi ni ule ukimya. Mtoto anapaliwa karanga, anakohoa sana, kisha anatulia na watu wanashukuru. Karanga inaweza kuwa imeshuka kwenye pafu, mara nyingi la kulia. Baada ya siku kadhaa anakoroma kifuani, ana homa, anapewa dawa za nimonia zisizomaliza tatizo. Eksirei haioneshi karanga yenyewe na picha inaweza kutoka safi kabisa. Kwa hiyo semeni neno "alipaliwa" mara tu mnapoingia, na mlisisitize. Huyo anahitaji rufaa kwa wataalamu wa kuchungulia njia ya hewa kwa kifaa, akiwa amelazwa usingizi.

MamaKilwa
Na zile betri bapa za rimoti na saa? Nasikia asali inasaidia.

Tabibu_Lindi
Betri ni dharura, iwe puani au kooni. Ikigusa unyevu wa mwili, umeme wake unatengeneza kemikali inayounguza, na ndani ya saa 2 umio (njia ya chakula) unaweza kuwa umeshaungua vibaya. Puani msitie maji wala dawa ya matone. Aliyemeza, kama amepita mwaka mmoja, hazijapita saa 12 na anameza vizuri, apewe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali inapunguza tu kuungua, isiwacheleweshe kuondoka. Msimtapishe, na chakula kisimame. Nendeni moja kwa moja penye eksirei, hospitali ya Ligula kwa Mtwara au ya Sokoine kwa Lindi. Sarafu na betri zinafanana pichani. Betri huonesha duara mbili, moja ndani ya nyingine.

MuuguziMasasi
Tonge la ugali acheni, linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Anayedondosha mate na kukataa kumeza asipewe chochote, apelekwe. Na mkiondoka bebeni mfano wa kitu chenyewe: shanga ya rangi ileile, au pakiti ya betri yenye namba.