"Kwani ulikuwa unang'oa kisiki?" Hivi huyu fundi ananichukuliaje?

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka na inanuka oili ya giaboksi, kwa hiyo herufi zikipotea mtanisamehe.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule mwenye kofia iliyokunywa oili kuliko injini yenyewe, anayesema "hii ndogo hii" hata boneti hujafungua. Kila mtu humu ameshapita mikononi mwake, na kama bado, zamu yako inakuja.

Gari langu lilikuwa linatema gia ya tatu. Unaweka, unaachia mkono, tak, imerudi fri. Miezi nimeendesha nimeishikilia kama mtoto anayevushwa barabara. Nikatafuta giaboksi iliyotumika, nzima, nikampelekea. Kazi nzito kaifanya, sikatai. Propela shafti kashusha, giaboksi ya zamani katoa, hii nyingine kapandisha, klachi pleti kaisenta vizuri. Siku 2. Ikabaki kufunga mkono wa gia. Mkono wa gia tu! Unakaa ndani ya gari, unauchomeka kwenye tundu, unakandamiza kile kifuniko cha duara juu ya springi, unakizungusha mpaka vipembe vinase, unashusha mpira, unaenda kunawa.

Leo asubuhi nimechukua gari. Nimefika kwenye kipilefti, magari mbele, magari nyuma, lori ubavuni linanihemea. Niko ya pili, nataka ya tatu. Naupeleka mkono mbele. Mkono ukaja. Wote. Umechomoka kama panga kwenye ala, nimeushika hewani, oili inachuruzikia suruali. Dereva wa lori ananitazama kutoka juu kule, na mimi namtazama, na katikati yetu kuna chuma.

Nampigia simu. Tena kwa adabu. Nasema fundi, shikamoo, mkono wa gia umetoka. Unajua alichonijibu?

"Kwani ulikuwa unang'oa kisiki?"

Na nyuma yake nawasikia vijana wake wanacheka.

Mimi! Kisiki! Mtu nimemuamkia!

Nimerudi nyumbani na gia ya pili njia nzima, maana giaboksi ilibaki palepale mkono ulipoiacha. Kila nikisimama naondoka na ya pili, klachi inanuka, injini inalia kama inachinjwa. Mama mmoja anasukuma mkokoteni kanipita, kasimama, karudi kunipa pole. Mkono wenyewe niliuweka kiti cha abiria. Niliufunga mkanda.

Nimefika nimechungulia tunduni kwa tochi. Kifuniko hakikuzungushwa hata kidogo, kimewekwa tu juu kama mfuniko wa sufuria, na springi chini yake inasukuma. Halafu kile kikombe kidogo cha nailoni kinachovaa ncha ya mkono kule chini hakipo. Badala yake kaviringisha kipande cha tyubu ya baiskeli, kakifunga na uzi. Uzi wa kushonea. Mweupe. Ndani ya giaboksi.

Lakini wala si uzi unaoniuma. Kinachoniuma ni kisiki.

Mpiga Jeki:
Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Swali moja mkuu: kisiki kilitoka na mizizi au kilikatikia?

Siti ya Nyuma:
Picha ya mkono wa gia ukiwa umefunga mkanda tafadhali. Bila picha hii ni hadithi.

Spana 14:
Pole, ila na wewe una lako. Ulichukuaje gari bila kujaribu? Injini ikiwa imezimwa unapita gia zote 5 na rivasi, halafu unaushika mkono unauvuta juu kama unaunyanyua. Ukipanda, haujanasa. Hata dakika haiishi.

Mtoa mada:
Nilizipita zote na zote ziliingia! Uzito wa mkono wenyewe ndio ulikuwa unaukalisha. Nani anavuta gia kwenda juu? Ningeuvuta juu pale mbele yake si ndiyo angesema nang'oa kisiki kweli? Halafu naona watu mnaruka jambo lenyewe. Nilimwambia SHIKAMOO.

Siti ya Nyuma:
Na aliitikia?

Mtoa mada:
Aliitikia kisiki.

Mama Klachi:
Kaka Kisiki, wewe umetoka mkononi ukajua umetoka. Mimi gari langu linavuta kwa mbele, mkono wa gia haugusani na giaboksi, kuna waya 2. Mmoja unachagua mstari wa gia, mwingine unaiingiza. Kabla ya kuzikaza unatakiwa uweke giaboksi fri, mkono ushikiliwe katikati kwa pini, ndipo ubane klipu. Fundi wangu (ana kofia? huyu huyu?) alibana tu kwa macho. Kila kitu kikahama mstari mmoja. Naweka ya kwanza inaingia ya tatu. Naweka ya tatu inaingia ya tano. Naitafuta ya tano, hola, ni kama kusukuma ukuta. Wiki nzima naondoka na ya tatu, gari linatetemeka kama lina homa. Nilipomrudia akaniambia "zoea tu dada, kila gari na tabia yake."

Mpiga Jeki:
"Zoea tu dada" imeipita kisiki kwa mbali. Samahani mtoa mada, umenyang'anywa uzi.

Mtoa mada:
Haijaipita! Yeye hakuchekwa na vijana!

Mama Klachi:
Nilichekwa na abiria wangu mwenyewe, ambaye ni mama mkwe.

Nati Iliyobaki:
Naweka kambi hapa. Mimi wangu alisahau kitambaa. Ukishatoa mkono wa gia unaziba tundu kwa kitambaa ili bolti isidondokee ndani, na hilo alilifanya, nampa alama zake. Kisha akafunga mkono na kitambaa kikiwa ndani. Siku 3 gia zikawa laini ajabu, kama zimevaa soksi, nikampigia kumshukuru! Kumshukuru! Siku ya 4 zikaanza kugoma. Tulipomwaga oili vikatoka vinyuzi vya bluu. Nikamwonyesha. Akavitazama muda mrefu, akasema "hiki kitambaa nilikitafuta sana."

Spana 14:
Hahahaha basi, nimeacha kumtetea.

Mzee wa Oili:
Mnapiga kelele za mkono na hakuna hata mmoja aliyeuliza oili gani imewekwa. Watu wanachukua GL-5, daraja la oili ya difu, wanamimina kwenye giaboksi inayotaka daraja la GL-4. Inateleza kupita kiasi, ringi za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, hazishiki, gia zinakwaruza, kisha mnasema fundi mbaya.

Spana 14:
Mzee, mkono ulitoka mzima mzima kwenye tundu. Oili inahusika vipi?

Mzee wa Oili:
Imemchuruzikia suruali. Ni oili gani? Hajasema.

Nati Iliyobaki:
Kuna oili zimeandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, soma kopo mzee wangu.

Mzee wa Oili:
Makopo nimeanza kusoma wewe hujazaliwa.

Mtoa mada:
Jamani turudi kwenye mada. Nimeenda kwake mchana huu na mkono wangu nimeubeba, sikutaka aniguse gari tena, nilitaka tu aniombe radhi. Kauchukua, kaugeuza, kaangalia ile tyubu na uzi wake mweupe, kaniuliza, "Nani kakufungia hivi?"

Siti ya Nyuma:
Hapana. HAPANA.

Mpiga Jeki:
Mimi huyu fundi naanza kumpenda.

Rangi Mbili:
Mafundi gia wana nafuu, kosa lao liko chini ya gari halionekani. Mimi wa rangi kanipakia mlango na nzi. Nzi mzima, yuko chini ya klia, ile vanishi ya juu, miguu yote 6 unaihesabu. Nikamwonyesha, akasema "huyo kaingia mwenyewe." Sasa kila ninapoegesha kuna mtu anajaribu kumfukuza.

Mama Klachi:
🤣🤣 Na huyo ana kofia?

Rangi Mbili:
Ana kofia, ina rangi ya gari langu.

Mtoa mada:
Kuna anayejua kile kikombe cha nailoni kinapatikana peke yake au mpaka ninunue mkono mzima? Nauliza kwa dhati. Gari liko nje na tundu wazi, nimefunika kwa mfuko.

Nati Iliyobaki:
Usisahau kuutoa mfuko.

Honi ya Kulia:
Wakuu, nimeukuta uzi umechangamka naomba msaada hapahapa. Fundi umeme aliufungua usukani wangu kutengeneza swichi ya indiketa. Tangu aurudishe, nikikata kona honi inajipigia yenyewe. Nimeshaamkiana na watu nisiowajua, na jana nimemhonia askari ana kwa ana.

Spana 14:
Hiyo ni ile ringi ya mawasiliano chini ya usukani. Hajaikalisha katikati, au kuna waya umebanwa unagusa chuma ukizunguka. Chomoa fyuzi ya honi kwanza upumzike, ndipo ufungue. Kama usukani una eabegi, toa na betri.

Mzee wa Oili:
Usukani wa hadroliki? Umeweka oili gani?

Rangi Mbili:
Inalia kona zote au upande mmoja?

Mtoa mada:
Kikombe cha nailoni, wakuu?

Honi ya Kulia:
Kulia tu. Kushoto inalia indiketa.