Bosi akisema ficha kitufe cha kujitoa, lawama ni ya nani?

Nyuzi_Tatu
Wakuu habari za humu. Naombeni mawazo maana hili jambo linaninyima raha. Tuna apu ya malipo ya kila mwezi, mtu akitaka kujiunga anabonyeza mara moja kaingia. Sasa nimepewa tiketi (agizo la kazi kwenye mfumo wetu) inasema anayetaka kujitoa apitishwe kwenye skrini tano: ya kwanza imuulize sababu, ya pili imwonyeshe atakachokosa, ya tatu impe punguzo, na hapo kwenye ya tatu kitufe cha "endelea kujitoa" kiwe maandishi ya kijivu juu ya kijivu, halafu "baki nasi" kiwe likubwa la kijani. Ya tano ndo kiboko, ukikaa kidogo bila kubonyeza kitu inakurudisha mwanzo kabisa. Kuiandika wala siyo kazi. Nimemuuliza meneja kanijibu wewe andika, maamuzi ya biashara hayakuhusu. Wenzangu kwenye timu wananiuliza nimeokoka lini. Swali langu ni moja tu, watu wakianza kulalamika, mimi niliyeandika nina lawama au sina?

Bwana_Seva
Andika ulipwe mkuu, mbona unajitafutia presha. Usipoandika wewe ataandika mwingine tena kabla ya jioni. Aliyejenga gereza siye aliyefunga watu.

Fisi_wa_Logi
@Bwana_Seva hiyo ya gereza kamwambie James Liang. Huyu alikuwa injinia wa Volkswagen, wale waliotega programu kwenye magari ya dizeli ikawa inatambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha moshi. Na inatambuaje? Matairi yanazunguka lakini usukani haugeuki, basi ikajua hapa siyo barabarani hapa ni maabara, ikasafisha moshi. Ukitoka nje inarudia uchafu wake, mengine yalikutwa yanatoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha Marekani. Magari kama milioni 11 dunia nzima. Lilipobumburuka 2015, mkuu wao wa Marekani kaitwa bungeni kuhojiwa, unajua alisema nini? Kwamba siyo uamuzi wa kampuni, ni mainjinia wachache wa programu waliamua wenyewe. Liang akala miezi 40 jela mwaka 2017 na faini ya dola 200,000. Kwa hiyo hayo maneno ya "maamuzi ya biashara hayakuhusu" yana mwisho wake, siku moto ukiwaka utasikia yanakuhusu wewe tu.

Bwana_Seva
Sawa lakini unachanganya mambo, wale walidanganya mamlaka ya serikali, ni jinai ile. Kitufe cha kijivu ni jinai ya wapi? Kitufe kipo, mteja aangalie vizuri.

Dada_Testi
Kaka Seva, kipo ndiyo, hata Amazon walikuwa nacho. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki kwa hiki hiki anachoandikishwa huyu mdogo wetu, njia ya kujitoa Prime, ile huduma yao ya uanachama wa kulipia, ilikuwa kurasa nne, kubonyeza mara sita, machaguo kumi na tano. Na ndani kwa ndani waliipa jina la Iliad, yule shairi refu la vita vya Troy, yaani wenyewe walijua ni safari 😂 Septemba 2025 wakakubali kulipa dola bilioni 2.5 bila kukiri kosa.

Ila mimi kinachonitisha siyo kitufe. Kinachonitisha ni sisi kujua kitu ni kibovu na kunyamaza. Kasomeni ile ya Horizon kule Uingereza, mfumo wa Fujitsu uliokuwa kwenye posta kuanzia 1999. Chukua bagi moja tu, yaani hitilafu ya programu, iliyopewa jina la Dalmellington: mwendesha posta anapokea pesa pauni 8,000, anabonyeza kuthibitisha, skrini haisogei, anabonyeza tena na tena kama ambavyo mimi na wewe tungefanya, kumbe kila akibonyeza ile 8,000 inaandikwa upya. Ikaandikwa mara nne, hesabu ikaonyesha pungufu la pauni 24,000 ambazo hazijawahi kuwepo. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwenye sakata zima, wengine wakafungwa. Na mahakamani wangejiteteaje? Sheria ya kule mwaka 1999 iliondoa lile sharti la mwendesha mashtaka kuonyesha kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa, kwa hiyo mashine inahesabiwa iko sahihi mpaka wewe uthibitishe vinginevyo, na taarifa za bagi wanazo wenye mfumo. Hapo ndipo programa mmoja mwenye tiketi ya bagi iliyo wazi alikuwa na uzito kuliko wakili.

kodi_safi
Dawa ni bodi basi, kama madaktari. Daktari akikataa kufanya ujinga anasema leseni yangu itafutwa na hospitali inamwelewa. Sisi tuna kanuni za maadili za ACM, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kompyuta, wamezifanyia marekebisho 2018, zimeandikwa vizuri tu, lakini ukizivunja sanasana watakufuta uanachama ambao pengine hata huna.

Bwana_Seva
Bodi iletwe halafu waliojifunza wenyewe kwa video waende wapi? Itakuwa geti la kukusanyia ada tu. Na Volkswagen mainjinia wenye vyeti walikuwa wamejaa, vilisaidia nini.

kodi_safi
Hapo kwenye vyeti umenibana kidogo. Ila cheti siyo leseni bana, cheti hakuna wa kukunyang'anya.

Fisi_wa_Logi
@Nyuzi_Tatu achana na bodi, haiji leo. Wewe mwandikie meneja imeili, kwa adabu, kwamba mtiririko huu una hatari ya kisheria, taja hiyo kesi ya FTC na kiasi walicholipa, na pendekeza skrini moja yenye punguzo na vitufe viwili vya ukubwa sawa. Usimwambie habari ya dhambi, mwambie habari ya hela.

Nyuzi_Tatu
Nashukuruni sana. Imeili nimetuma asubuhi, nimeweka na mchoro wa hiyo skrini moja. Jibu limekuja muda huu: "Tuongee kwa simu."

Dada_Testi
😂😂 Ongea naye, msikilize mpaka mwisho, usibishane. Ukikata tu simu muandikie tena: "Kama tulivyoongea leo, umeniagiza niendelee na skrini zote tano, naomba uthibitishe nianze." Halafu usiguse kitu mpaka ajibu.

Bwana_Seva
Hapo Dada Testi nakuunga mkono. Na kwenye ile tiketi usisahau kubandika hiyo imeili.