Naomba ushauri: maswali ya mantiki yanayohusu tabia za wanyama

Wakuu, heshima kwenu. Nina usaili wa mchujo wiki ijayo na maswali haya yananivuruga. Mfano: "Kila tumbili akisikia mlio wa tahadhari ya chui hukimbilia mtini. Tumbili huyu yuko mtini. Je, amesikia mlio huo?" Machaguo: ndiyo, hapana, haijulikani.

Mimi nasema haijulikani, huenda kafuata matunda tu. Mwenzangu kang'ang'ania ndiyo, eti utafiti wa tumbili wa Amboseli, Kenya, uliochapishwa 1980 ulithibitisha. Kweli, tumbili hao walipochezewa milio iliyorekodiwa, ya chui iliwapandisha mitini na ya tai ikawafanya watazame juu, lakini swali halijauliza hayo!

Yenye "baadhi" na "isipokuwa" ndiyo yananimaliza kabisa. Mnachora miduara ya kuonyesha makundi, au mna njia ya haraka zaidi?